Jinsi ya kuomba stakabadhi za mradi wa kaunti hadi uzipate: mwongozo kamili

Barua nyingi ninazoletewa nizisome huanza vizuri na kufia njiani. Mtu anataka kujua kwa nini zahanati ya kijijini imesimama kwenye linta tangu mwaka juzi. Anaketi, anajaza kurasa tatu: ahadi za kampeni, mama aliyejifungulia kwenye boda, mkandarasi anayesemekana kujenga ghorofa mjini. Anaipeleka kwenye ofisi ya kaunti, anaambiwa "tutakupigia", na simu hailii. Miezi sita ikipita ananiuliza kama kweli kuna sheria.

Ipo. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, ikaweka namna ya kuomba, siku za kujibiwa na mahali pa kukimbilia ukinyimwa. Tatizo ni kwamba barua zetu huwa ni malalamiko, na sheria hii haishughuliki na malalamiko. Inamtaka afisa atoe karatasi aliyo nayo.

Nitatumia mfano wa hiyo zahanati hadi mwisho. Ukiondoa zahanati ukaweka kisima, soko, chekechea au barabara ya wadi, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha taifa na nakala yake. Haki hii ni ya raia, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ofisi huuliza.
- Jina la mradi kama kaunti yenyewe ilivyoliandika, pamoja na wadi na mwaka wa fedha.
- Nakala mbili za barua yako. Tatu ni bora.
- Daftari dogo la kuandika tarehe, saa na jina la kila uliyezungumza naye.
- Simu yenye kamera.
- Nauli ya safari mbili au tatu, na hela kidogo za fotokopi. Kuwasilisha ombi ni bure; ofisi inaweza kukutoza gharama halisi ya kunakili tu.

Huhitaji wakili. Huhitaji barua ya chifu wala ruhusa ya mwakilishi wadi. Na hulazimiki kueleza unataka habari hizo za nini: kifungu cha 4 kinasema sababu zako, au zile ambazo afisa anakushuku kuwa nazo, haziathiri haki yako. Kishike hicho kichwani, utakihitaji kwenye kaunta.

Aliye ng'ambo, Doha au Dubai, bado ni raia. Anaweza kuomba kwa barua pepe akiambatisha nakala ya kitambulisho au pasipoti.

## Hatua ya 1: Jua mradi ni wa nani

Hapa ndipo barua nyingi hupotea. Watu humwandikia gavana kuhusu darasa la shule ya msingi, kisha wakamwandikia mbunge kuhusu zahanati.

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Zahanati, vituo vya afya, chekechea, masoko, maji na barabara za kaunti ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Barabara zina mkanganyiko wake: nyingine ziko chini ya mashirika ya barabara ya serikali ya kitaifa, yaani KeNHA, KURA au KeRRA, na jirani yako hawezi kujua kwa kuitazama lami. Kuna pia miradi ya hazina ya eneobunge, CDF, ambayo ina ofisi yake na faili zake.

Nenda kwenye ubao wa mradi ukaupige picha. Usidanganywe na sura ya mwanasiasa iliyobandikwa pale. Soma panapoonyesha mwenye mradi, idara, mkandarasi na nambari ya zabuni. Kama ubao umeng'olewa, na mara nyingi huwa umeshakuwa mlango wa banda la kuku, waulize mafundi waliofanya kazi pale nani aliwalipa.

Ukikosea ofisi hujapotea kabisa. Kifungu cha 10 kinamruhusu afisa ahamishe ombi lako kwa ofisi husika ndani ya siku 5. Lakini barua inayohamishwa ni barua inayopotea kwa urahisi, kwa hiyo usiitegemee huruma hiyo.

Umefaulu ukiweza kusema bila kusita: mradi huu unalipiwa na ofisi fulani, idara fulani, mwaka wa fedha fulani. Kumbuka mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo mradi wa Machi 2023 ni wa mwaka wa fedha 2022/2023.

## Hatua ya 2: Tafuta kwanza kilicho wazi

Usiruke hatua hii. Kifungu cha 6 kinairuhusu ofisi isikupe kitu ambacho unaweza kukipata kwa njia nyingine bila taabu. Ukiomba bajeti iliyo kwenye tovuti, umempa afisa sababu ya bure ya kukukataa.

Tafuta hizi kwenye tovuti ya kaunti au kwa karani wa bunge la kaunti:

- Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, CIDP.
- Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba.
- Makadirio ya bajeti, ambayo hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili.

Kisha pitia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo ya mwaka na kuonyesha kila kaunti ilitumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa mishahara na safari. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo wakati mwingine hutaja miradi iliyokwama kwa majina. Nimewahi kuona mtu akihangaika na kaunti miezi minne kwa jambo lililoandikwa wazi kwenye ripoti ya ukaguzi.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja wa bajeti wenye jina la mradi na kiasi kilichotengwa. Mstari huo utakuwa ufunguo wa barua yako. Usipoupata, usikwame, endelea na jina la ubaoni.

## Hatua ya 3: Geuza swali lako kuwa stakabadhi

Ukisoma hatua moja tu, isome hii.

Afisa akiulizwa "kwa nini zahanati haijaisha?" anaweza kujibu "kazi inaendelea" na akawa amekujibu. Akiombwa hati za malipo za mradi huo, ama anazo ama hana, na lolote atakalosema litakufaa. Kwa hiyo kila swali unalolibeba moyoni, jiulize: jibu lake liko kwenye karatasi gani?

Unataka kujua nani alipewa kazi na kwa bei gani? Omba nakala ya mkataba. Tena hapa una nguvu zaidi, kwa sababu kifungu cha 5 kinaitaka ofisi ya umma, ikishatia saini mkataba wowote, itangaze yenyewe kazi inayofanywa, kiasi cha pesa, jina la mkandarasi na muda wa kumaliza. Unaomba kitu ambacho walipaswa kukitangaza bila kuombwa.

Unataka kujua jengo lilipaswa kuwa na vyumba vingapi, mabati ya geji gani, matangi mangapi? Omba BQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei ambayo mafundi wote wanaijua kwa jina hilo, pamoja na michoro.

Unataka kujua pesa ngapi zimeshatoka? Omba hati zote za malipo kwa mkandarasi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Malipo ya ujenzi hutoka kwa awamu, na kila awamu huwa na hati inayosema kazi kiasi gani imefanyika.

Unataka kujua nani alithibitisha kwamba kazi ilifanyika? Omba ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Karatasi hii husahaulika, na mimi huithamini kuliko mkataba wenyewe, kwa kuwa ina saini za watu waliosema "tumeona".

Unataka kujua kama mkandarasi aliongezewa muda au pesa? Omba barua za nyongeza ya muda na mabadiliko ya mkataba.

Usiombe "habari zote kuhusu zahanati". Ombi pana ni rahisi kulikataa na ni gumu kulifuatilia. Stakabadhi nne au tano zenye majina zinatosha.

Onyo. Epuka vitu vinavyokupeleka moja kwa moja kwenye makatazo ya kifungu cha 6: siri za usalama wa taifa, faragha ya mtu binafsi, siri za biashara. Ukihitaji orodha ya vibarua waliolipwa, omba majina na nambari za vitambulisho vifutwe, ubakiwe na idadi na kiasi. Utapata unachotaka na utakuwa umemnyang'anya afisa kisingizio.

## Hatua ya 4: Andika barua ya ukurasa mmoja

Sheria inakubali ombi la Kiswahili au la Kiingereza. Andika kwa lugha unayoimudu. Usikubali kurudishwa kwa sababu hiyo. Ofisi ikikupa fomu yake, ijaze kama huna haraka, lakini ombi haliwezi kukataliwa kwa kosa la kutotumia fomu pekee.

Nani wa kumwandikia? Kisheria, mkuu wa ofisi ya umma ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, isipokuwa amemkasimia mwingine. Katika kaunti mimi huelekeza barua kwa Katibu wa Kaunti na kupeleka nakala kwa afisa mkuu wa idara inayohusika. Watu hupenda kumwandikia waziri wa kaunti kwa sababu wanamjua kwa sura. Waziri ni wa siasa na sera. Faili la malipo hukaa kwa afisa mkuu, ambaye ndiye mwenye dhamana ya hesabu za idara.

Barua yenyewe iwe hivi:

> *Jina lako, anwani, simu, barua pepe*
>
> *Tarehe*
>
> *Katibu wa Kaunti / Afisa wa Upatikanaji wa Habari,*
> *Kaunti ya …*
>
> KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA IBARA YA 35 YA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016
>
> Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari … (nakala imeambatishwa).
>
> Naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu ujenzi wa Zahanati ya …, Wadi ya …, mwaka wa fedha …, zabuni nambari …:
>
> 1. Mkataba kati ya kaunti na mkandarasi.
> 2. BQ na michoro ya jengo.
> 3. Hati zote za malipo kwa mkandarasi hadi leo.
> 4. Ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji.
> 5. Barua zozote za kuongeza muda au gharama.
>
> Naomba nakala hizo kwa barua pepe, au kwa karatasi nikielezwa gharama ya kunakili. Ikiwa sehemu ya ombi hili haiwezi kutolewa, naomba nitajiwe sababu kwa maandishi, na sehemu iliyobaki itolewe.
>
> Natarajia jibu ndani ya siku 21 kulingana na kifungu cha 9.
>
> *Saini*

Basi. Mama aliyejifungulia kwenye boda ni habari ya kweli na inauma, lakini pahali pake si hapa. Kila sentensi ya lawama unayoiongeza humpa msomaji wa barua sababu ya kuipeleka kwa mwanasheria wa kaunti "kwa ushauri", na huko barua huzeeka.

Kama maisha au uhuru wa mtu unategemea habari hizo, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza: jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Usiitumie nafasi hii kwa zahanati isiyo na paa, utachekwa.

Asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu aende aeleze kwa mdomo. Afisa anatakiwa amwandikie na ampe nakala.

## Hatua ya 5: Ipeleke, na usiondoke bila mhuri

Barua yangu ya kwanza ya aina hii niliiacha kwa kijana mmoja mcheshi kwenye mapokezi, ambaye aliniahidi angeipandisha juu mwenyewe. Wiki tano baadaye hakukuwa na barua, na kijana alikuwa amehamishwa. Sikuwa na kitu cha kuonyesha ila kumbukumbu ya tabasamu lake. Nilianza upya.

Nenda masjala, si mapokezi. Masjala ndiko barua zinakoandikwa kwenye rejista na kupewa nambari. Toa nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe, irudi mkononi mwako. Ipige picha kabla hujatoka nje ya lango, ukamtumie mtu mwingine, maana simu huibiwa na mvua hulowesha karatasi.

Ukiambiwa "mwenye mhuri ametoka", ngoja. Ukiambiwa "hizi hatupokei", uliza kwa utulivu jina la anayesema hivyo, andika daftarini mbele yake, na umkumbushe kwamba kukataa kupokea ombi ni kosa chini ya kifungu cha 28. Sijawahi kuona mhuri ukikosekana baada ya daftari kufunguliwa. Ikishindikana kabisa, tuma barua pepe siku hiyohiyo ukiambatisha barua, kisha ipeleke kwa posta ya rejista na utunze risiti.

Nenda na mwenzako. Si kwa ajili ya vita. Mtu wa pili hupunguza maneno kwenye kaunta, na baadaye ni shahidi.

Umefaulu ukiwa na nakala yenye mhuri na tarehe. Bila hiyo, hatua zote zinazofuata hazina mahali pa kusimama.

## Hatua ya 6: Hesabu siku

Ikigongwa mhuri tarehe 3 Machi, siku ya 21 ni tarehe 24 Machi. Ziandike kalenda nzima ya ombi lako nyuma ya nakala.

Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama ombi ni kubwa au inabidi ishauriane na wengine. Lazima ikujulishe. Ukimya haujiongezei muda: siku 21 zikipita bila neno, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa, na mlango wa rufaa unafunguka.

Siku ya kumi hivi piga simu, uliza nambari ya faili na jina la anayelishughulikia. Usibishane. Unataka tu mtu mmoja ndani ya jengo lile ajue kwamba tarehe ya mwisho ina mwenyewe.

## Hatua ya 7: Lisome jibu kwa makini

*"Njoo ofisini tuzungumze."* Nenda, sikiliza, kunywa chai ukipewa. Kisha omba yaliyosemwa yaandikwe. Mazungumzo hayasimamishi siku 21.

*"Lipia."* Wakubali ombi kwanza, kisha wakueleze gharama. Iwe ni ya kunakili, na ulipe kwa njia rasmi yenye risiti. Ukishalipa wana siku 2 za kazi kukupa nakala. "Ya chai" si gharama ya kunakili.

*"Ni siri ya biashara."* Jibu hili hutolewa sana kwa mikataba. Rudisha barua fupi ukinukuu kifungu cha 5 kuhusu kutangaza kiasi cha mkataba na jina la mkandarasi, na uombe wafiche tu kile hasa kilicho siri.

*"Hatuna."* Jibu hili likiwa kwa maandishi na kwa saini, ni dhahabu. Kaunti inayosema haina hati za malipo za mradi uliokwishalipiwa imejieleza vya kutosha, na Mkaguzi Mkuu angependa kuisoma barua hiyo.

## Hatua ya 8: Ukinyimwa, nenda kwa tume

Chombo cha rufaa ni CAJ, tume inayoshughulikia malalamiko ya umma ambayo wengi huiita Ombudsman. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi. Kama ulikutana na ukimya, zianze kuhesabu siku ile ya 21 ilipokwisha. Ukichelewa tume inaweza kukuongezea muda, lakini ni juu yake kuamua.

Hapa pia hakuna ada wala wakili. Unahitaji vitu vitatu: nakala yenye mhuri, jibu walilokupa kama lipo, na ukurasa mmoja wa kueleza kwa tarehe tupu: niliomba lini, nini, nikajibiwa nini. Peleka kwenye ofisi yao, tuma kwa barua pepe, au uliza Huduma Centre iliyo karibu nawe kama wana meza pale.

Mara nyingi tume ikiiandikia kaunti tu, stakabadhi huanza "kupatikana". Isipotosha, tume ina uwezo wa kuita watu na kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika na amri hiyo ana siku 21 za kwenda Mahakama Kuu, na kama hakuenda, unaweza kuomba amri itekelezwe kama ya mahakama. Kufikia hapo sasa tafuta wakili, au shirika la haki linalotoa msaada wa bure.

Onyo. Usiende kwa tume kabla ya siku 21 kuisha. Utarudishwa, na kaunti itakuwa imejua mpango wako.

## Hatua ya 9: Karatasi zikifika

Usizimwage zote mitandaoni usiku huohuo. Tafuta fundi mwaminifu asiyewahi kufanya kazi na mkandarasi yule, mwende kwenye jengo na BQ mkononi. Pimeni. Hesabuni milango, madirisha, mifuniko ya matangi. Kila kitu kilicho kwenye hati ya malipo na hakipo ukutani, kipige picha na uandike ukurasa wa hati.

Mkiona upungufu wa kawaida, kama mkandarasi aliyeacha kazi kwa kutolipwa, andikieni bunge la kaunti ombi rasmi la wananchi chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, kupitia kwa karani, na mkaambatishe karatasi zote. Mkiona kazi imelipiwa na haikufanywa, pelekeni EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Na nakala yenye mhuri, ile ya kwanza kabisa, ibaki nyumbani. Watu watawaomba "ile original". Wapeni fotokopi.